Pasipoti Tano Ndani ya Kofre

Watu wengi wa Butembo wa umri wangu, ukiwauliza vita vilikuwaje, watakusimulia risasi na kukimbilia mashambani. Mimi nitakusimulia karatasi. Nilikuwa sekretere katika nyumba ya biashara, moja ya zile zilizokuwa zikileta vitenge, pikipiki na vipuri kutoka Dubai, na katika vita vyote viwili kazi yangu kubwa haikuwa kupiga taipu. Ilikuwa kutunza karatasi za watu.

Askari walipopora nyumba walibeba redio, magodoro, mbuzi, na mara moja niliona wamebeba mlango na fremu yake. Karatasi hawakuzitaka, ila waliziwashia moto. Mtu alirudi kutoka mafichoni akakuta cheti chake cha ubatizo kimechemsha maharage ya watu asiowajua. Sasa jaribu kumwambia karani wa ofisi yoyote kwamba wewe ni wewe.

Patron wetu, mwenye nyumba ile ya biashara, alikuwa na kofre, kasha la chuma lililojengewa ndani ya ukuta, refu kama kabati la nguo, mabaki ya mzungu fulani wa kahawa. Baada ya uporaji wa kwanza jirani mmoja alikuja na hati ya kiwanja chake, akaomba tumwekee. Kesho yake wakaja watatu. Kufikia vita vya pili nusu ya mtaa ilikuwa mle ndani: vyeti vya ndoa vya kanisa, vyeti vya ndoa vya jirani zetu Waislamu, leseni za madereva, diploma za walimu. Hatukumtoza mtu chochote. Mimi nilishika daftari, nikaandika nani kaleta nini, na mwenye mali akija nilifungua mbele ya macho yake. Nilijivuna kwa kazi hiyo, sitaficha. Nilitembea na ule ufunguo kama vile mji wote ulikuwa unanitegemea mimi.

Ndiyo maana sikuona hatari yoyote tulipofungua depo, ghala letu, kule Dubai.

Patron alikuwa amechoka kununua kupitia watu asiowajua, wanaomfungia marobota ya vitenge yenye matambara katikati. Akaamua kupeleka watu wake mwenyewe: msimamizi mmoja, ambaye sote tulimwita gérant, na vijana watano wa kupokea mizigo, kuikagua, kuifunga na kuipakia kwenye kontena za Mombasa. Mmoja wa wale watano alikuwa mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, niliyembeba mgongoni nikiwa na miaka saba.

Kanuni za depo niliandika mimi. Patron alisema tu, "Weye unajua maneno, andika namuna ya kukaa kule." Nikaandika kurasa mbili. Kanuni ya nne ilisema pasipoti zote ziwekwe ndani ya kofre ya depo mara tu watu wakifika, na ufunguo usitoke kiunoni mwa gérant. Sentensi ile ilinipendeza sana. Niliisoma mara mbili kwa sauti. Hakuna aliyeniamuru kuiandika. Nilikuwa nawaza mwizi, nawaza moto, nawaza mdogo wangu ambaye tangu utoto alikuwa anapoteza hata viatu akiwa amevivaa. Nilidhani namlinda.

Wale watano walisikiliza, wakatikisa kichwa. Kwetu, kumwekea mtu karatasi yake ni wema, na mtu mzima hakatai wema. Mdogo wangu alicheka tu. "Yaya, weye unapenda kufunga bintu," aliniambia mimi dada yake mkubwa, kisha akapanda lori la Beni kwenda kuchukua ndege Mavivi.

Miezi minane baadaye alikuja ofisini mama mmoja muuza vitenge, mtu wa safari nyingi, aliyekuwa ametoka Dubai juma lile. Hakukaa. Alitoa barua iliyokunjwa ndani ya mkunjo wa kitenge kipya, akasema, "Soma wa kwanza weye, kisha umupe patron." Mwandiko ulikuwa wa mdogo wangu lakini umelala upande, maana aliandika kwa mkono wa kushoto.

"Yaya," aliandika, "robota ilianguka, ikanifinya mukono na chuma ya rafu. Sasa imevimba mupaka kwa kiwiko. Munganga anasema bapasue mbio, juu usaha inapanda. Lakini hospitali banaomba passeport mbele ya kunilaza, na passeport iko ndani ya kofre, na gérant alienda Hong Kong na funguo. Atarudia kisha wiki tatu. Tunangoja. Usiambie mama."

Nilisoma mara tatu, na kila mara jicho langu lilirudi kwenye neno moja, tunangoja. Watu wazima watano, wenye mitarimbo ya kufungulia makreti, wamekaa mbele ya kasha lenye majina yao ndani, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuligusa, kwa sababu kofre ya patron haivunjwi. Kuivunja ni wizi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na nadhani hakuna mji mwingine ambao ungezaa watu wa kungoja namna ile. Niliinuka nikampelekea patron.

Patron aliisoma barua polepole. Hakuwa mtu mbaya, naomba ieleweke. Alikuwa mtu wa misa ya alfajiri, na nusu ya mtaa ililala usingizi kwa sababu yake.

"Tungoje kidogo," alisema. "Gérant atapita kule mbio."

"Wiki tatu, patron."

"Lakini ile kofre iko na karatasi ya kontena pia. Nikisema bavunje, kesho kila mutu atavunja. Mi nabalinda, mama. Passeport ikipotea, nani atabarudisha kwabo?"

Sikumjibu kwa adabu. Nilimwambia kwamba kofre ya Butembo ina mwanamke anayekaa mbele yake kuanzia saa mbili asubuhi, na mtu akitaka chake anakipata kabla hajamaliza kusalimia. Ile ya Dubai ina mtu aliyepanda ndege. Nilisema mengine pia, ambayo sekretere hasemi kwa patron, na mlinzi wa lango alichungulia dirishani kuona kuna nini. Mwisho patron alisimama akachukua koti lake. Alikubali jambo moja tu, kwenda Beni kumpigia simu gérant kwenye hoteli yake ya Hong Kong, ili arudi haraka na ufunguo. Simu ya satelaiti ya nyumba yetu askari walikuwa wameichukua mwezi uliotangulia, na nyingine ya kuaminika ilikuwa Beni, kwa familia ya Kiislamu ya wasafirishaji tuliyofanya nayo kazi miaka mingi. Namba ya hoteli nilikuwa nayo mimi, kwa hiyo nami nikapanda gari.

Tuliondoka asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya mikaratusi. Kutoka Butembo hadi Beni si mbali kwa kilomita, lakini siku zile barabara ilipimwa kwa barière, vile vizuizi vya askari. Ya kwanza tulipita. Ya pili, baada ya Maboya, askari mmoja mwenye sauti ya upole alikuja dirishani akaomba vitambulisho vya wote wawili na cha dereva.

"Nabichunga ndani," alisema, "bisipotee. Batu beko mingi leo."

Akaenda navyo kwenye kibanda cha mabati, akaviweka ndani ya sanduku la risasi lililokuwa tupu, akabana kufuli. Tulisubiri aturudishie. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Patron akashuka, akavaa tabasamu lake la biashara, akamfuata yule askari.

"Papa, funguo iko na komanda," askari alimwambia. "Alienda Mangina kwa matanga."

"Atarudia saa ngapi?"

"Akimaliza kulia."

Hakuwa akitutania. Alituletea hata ubao wa kukalia. Patron wangu, mtu ambaye maofisa walikuwa wakimfuata nyumbani kumsalimia, aliketi juu ya ubao ule kando ya barabara, mikono magotini. Kusonga mbele hatukuweza, kurudi hatukuweza, maana nyuma ilikuwepo barière nyingine ambayo nayo ingeuliza vitambulisho. Alijaribu yote aliyoyajua. Kwa mara ya kwanza katika vita vile niliona rushwa imekosa mtu wa kuipokea. Yule askari alisikitika kabisa, nadhani hata kwa upande wake mwenyewe.

Mchana, mama mmoja aliyekaa mbali kidogo na barabara alituletea ndizi za kuchoma. Patron hakula. Aliinuka akaenda kibandani, akaonyesha lile kufuli, nikamsikia anasema, "Vunja ile kadenasi. Nitakuletea ingine ya muzuri kupita."

Askari alirudi nyuma hatua moja. "Kuvunja kadenasi ya komanda? Mimi hapana, papa."

"Lakini bitambulisho ni byetu."

"Najua ni byenu. Komanda atasema nini?"

 Patron akarudi kukaa karibu nami. Gari la mkaa lilipita, vumbi likatua juu ya suruali yake nzuri, naye hakulipangusa.

"Beko batano," alisema mwishoni.

Nilimsogezea ndizi, hakuitazama. 

"Beko batano, banakaa hivi mbele ya kofre. Na mumoja mukono inaoza." Alikuwa kama anaongea na barabara. "Na mi nilisema nabalinda. Ule naye anasema anatulinda."

Hapo nikamwambia ukweli uliokuwa unanichoma tangu barua ifike, kwamba kanuni ya nne ilitoka kichwani mwangu, ufunguo wa kiunoni na yote, na kwamba hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Nililia kidogo, si kwa staha.

"Mi niliweka sahihi," alisema patron. "Panguza macho, mama. Tukifika tutaona."

Komanda alirudi alasiri, macho mekundu, akatupa vitambulisho bila neno. Dereva aliendesha kama mtu anayefukuzwa. Beni tulifika mwenye simu anafunga mlango ili aende kusali. Alipoona sura zetu aliufungua tena. Nilitoa karatasi yenye namba ya hoteli ya Hong Kong. Patron aliishika, akaikunja, akanirudishia.

"Nipe ya depo," alisema.

Aliyepokea kule Dubai alikuwa mkubwa wa wale watano. Simu ile ilikuwa na mwangwi, kila neno lilienda likarudi, nasi tulisimama karibu tukasikia yote.

"Muko na mutarimbo ya kufungulia kreti?" patron aliuliza.

"Tuko nayo, patron."

"Vunjeni kofre."

 Mwenye simu alitazama saa yake, kisha akatazama pembeni.

"Patron," ilisema ile sauti, "tuvunje kofre yako?"

"Kofre ni yangu. Bintu ya ndani ni yenu. Vunjeni sasa, nasikiliza."

Tulisikia chuma kikipiga chuma, kutoka upande ule mwingine wa dunia, na mtu mmoja akihema. Ilichukua muda. Halafu sauti ikarudi ikasema iko wazi, na patron akaamuru mdogo wangu apelekwe hospitali palepale, wawili wamsindikize, kila mmoja na pasipoti yake mfukoni. Nilipewa simu. Nilisikia mdogo wangu anapumua. "Yaya," alisema, "nilikuambiaka usiambie mama." Sikuwa nimemwambia. Nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka mwenye simu akaniletea maji.

Walimpasua usiku uleule. Alipoteza kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, vingine vikapona. Mganga alisema siku mbili zaidi na angepoteza mkono. Gérant aliporudi akakuta kofre imefumuliwa kama kopo la sardini karibu azimie, akatuletea barua ya kurasa nne kujieleza, maskini, na kila alichoeleza kilikuwa ni kwamba alifuata kanuni. Alikuwa na haki. Nilimjibu mimi, nikaomba radhi.

Kisha nikakaa tena mbele ya mashine. Safari hii patron alivuta kiti akakaa upande wa pili, na kila sentensi tuliigombania. Tuliandika kwamba pasipoti inakaa kwa mwenyewe. Anayetaka kuihifadhi atapewa kisanduku chake na ufunguo wake, usio na pacha. Tuliandika kwamba mkataba usomwe kwa Kiswahili hapa Butembo, mbele ya familia, kabla ya mtu kupanda ndege, na nakala ibaki na mama yake. Mtu akiugua, matibabu kwanza na maelezo baadaye. Mtu akitaka kurudi nyumbani, tiketi itolewe bila kuulizwa sababu. Juu ya hiyo tuligombana siku mbili, na nilishinda kwa sababu patron alichoka. Na wale watano wachague mmoja wao wa kuongea nami moja kwa moja bila gérant kusimama begani. Sikuandika hata sentensi moja nzuri. Nilikuwa nimejifunza kuogopa sentensi nzuri.

Patron alizipeleka kurasa zile kwa wafanyabiashara wenzake. Walikuwa na desturi ya kukutana kila mwezi kugawana nafasi ndani ya kontena, maana wakati wa vita hakuna aliyeweza kujaza moja peke yake. Nilikuwepo kuandika. Mmoja wao, mwenye watu wengi kule kuliko sisi, alisoma akacheka.

"Batatoroka bote," alisema.

"Batoroke," patron alijibu.

"Basi tutafanya kazi na nani?"

"Na batakaobakia."

Walicheka tena. Patron alingoja wamalize, kisha akasema kwamba kontena inayosafiri kwa jina lake haitabeba tena mzigo uliofungwa na mtu ambaye pasipoti yake iko kwa mtu mwingine. Pale kicheko kilikatika, kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa likipita mpaka wa Kasindi bila kusumbuliwa. Watatu walikubali siku ile. Wengine walikubali baada ya msimu mmoja, kwa kununa. Wawili hawakukubali kamwe, wakatafuta njia yao.

Mtu mmoja aliuliza tutajuaje kama wanatii, na swali lilikuwa zuri. Jibu lilikuwa yule mama muuza vitenge. Kila aliposafiri alipita depo moja baada ya nyingine, akapika sombe, yaani kisamvu, kwa ajili ya vijana, na katikati ya kula akamwambia kila mmoja, "Nionyeshe yako." Anayeitoa mfukoni aliongezewa nyama. Anayetazama chini, jina la depo yake lilifika kwangu kabla ya mama mwenyewe kurudi. Hakuna mkaguzi wa serikali yoyote ninayemjua aliyefanya kazi ile vizuri kumzidi.

Mwaka ule haujaisha, mdogo wangu alinipigia kwenye simu mpya ya ofisi. Alisema amepata kazi kwingine kulekule Dubai, kwa watu wa kusafirisha mizigo kwa ndege, kazi ya kuketi inayoufaa mkono wake, na kwamba ameshachukua virago vyake. Nilikasirika. Nilimkumbusha kofre, nikamkumbusha ubao wa kando ya barabara, nikamwambia atanitia aibu mbele ya mtu aliyemwokoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Yaya, passeport iko yangu ao hapana?"

Nilikaa siku mbili na habari ile tumboni. Siku ya tatu nilimwambia patron, macho sakafuni, nikitegemea maneno ya yule aliyecheka mkutanini yarudi yanipige usoni.

Patron aliuliza kama kazi ile mpya ni nzuri. Nikasema naona ni nzuri. Akaniambia niandike cheti cha kazi, kwamba mtu huyu alitufanyia kazi kwa uaminifu, na akakitia sahihi bila kusoma. Kisha akauliza kuhusu wale wanne wengine.

"Wamebaki, patron. Nimeongea nao jana."

"Banajua mwenzabo alienda, na hatukumufuata?"

"Wanajua."

Aliweka kalamu chini. Tangu Beni sikuwa nimemwona na uso mwepesi vile.

"Miaka yote sikujua kama batu banakaa kwangu kwa sababu banapenda," alisema. "Sasa beko bane, na najua."